Nilitaka kusema tumepatana, darasa zima likaangua kicheko

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume mtu mzima, nina mke na watoto, na nimerudi darasani kusoma Kiingereza baada ya kukikwepa miaka mingi. Gazeti nasoma, barua ya kikazi naandika na inaeleweka. Kinachonitoa jasho ni hizi phrasal verbs, yaani vitenzi vinavyofuatwa na kijineno kama up au out kinachobadilisha maana. Mwalimu alitugawia orodha ndefu iliyopangwa kwa alfabeti. Get peke yake imejaza ukurasa, put nayo ukurasa wake, take usiseme. Nakariri usiku, asubuhi nimebaki na get up tu, na hiyo niliijua tangu shule ya msingi.

Sasa tumeingia kwenye mada ya ucheshi. Mwalimu anataka tuzungumze kuhusu mambo yanayotuchekesha, huku tukitumia vitenzi hivyo hivyo. Siku ya kwanza aliuliza ni nani amewahi kugombana na mtu, halafu mambo yakaishia vizuri. Nikanyosha mkono. Nikaeleza jinsi nilivyokwaruzana na mama mkwe kwa jambo dogo, nikamalizia kwa kujiamini kabisa: "But the next day, we made out." Kimya kidogo, halafu darasa likalipuka. Mwalimu mwenyewe alijiinamia mezani. Mimi nikadhani wamefurahia mapatano yetu, nikacheka nao, nikaongeza: "Yes, we always make out!" Hapo kuna mmoja alitoka nje kabisa akishika mbavu.

Baadaye mwalimu akanifafanulia kwamba kupatana ni make up, na kwamba nilichosema mimi ni kupigana mabusu. Na mama mkwe, Shangazi! Mama mzazi wa mke wangu!

Tangu siku hiyo mwenzangu mmoja kila nikiingia ananiuliza, "How is your mother-in-law?" huku akikonyeza. Wengine wanacheka, ingawa kicheko chenyewe kimeanza kupungua nguvu. Na zamu yangu ya kuzungumza mbele ya darasa inakuja: dakika tano kuhusu ucheshi, na sharti niweke humo jambo la kuchekesha. Kwa Kiswahili mimi ndiye mchekeshaji wa ukoo, watu hunisubiri nifike. Kwa Kiingereza vichekesho vyangu vinafia njiani, na vya wengine navielewa wakati wenzangu wameshamaliza kucheka.

Hii orodha niifanyeje? Siku hiyo niseme nini? Na huyu mwenzangu nimfanye nini? Kusema kweli nafikiria kuacha darasa.

Mkwe Mwema

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimecheka, sikufichi, na hiyo "we always" uliyoongezea ndiyo iliyonimaliza.

Lakini tazama ulikosea wapi hasa. Kitenzi ulikipata. Wakati uliopita uliupatia. Mpangilio wa sentensi ulikuwa safi. Uliteleza kwenye kijineno kimoja cha herufi tatu kilicho mkiani, basi. Tatizo ni kwamba kwenye vitenzi hivi maana nzima inaendeshwa na huo mkia, na ukiubadilisha umebadilisha kila kitu, hata ukamtia mama wa watu matatani bila kujua.

Usidhani ni wazimu wa Waingereza peke yao. Sisi tunafunga mlango na kuufungua, tunavaa shati na kulivua, tunakunja nguo na kuikunjua. Sauti kidogo tu mwishoni mwa kitenzi inageuza jambo likawa kinyume chake, na hakuna anayeshangaa. Kiswahili kinafanya kazi hiyo ndani ya kitenzi chenyewe, Kiingereza kinaifanya kwa neno la pembeni: put on, take off. Halafu mfikirie mgeni anayejifunza Kiswahili akikutana na piga. Tunapiga pasi, tunapiga chafya, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga picha, na hakuna aliyeumia. Mpe huyo mgeni orodha ya piga zote kwa alfabeti umwambie akazikariri usiku, uone kama atarudi kesho. Wewe piga chafya hukuipata kwenye orodha. Mtu alipiga chafya mbele yako, mwingine akasema neno lake, mambo yakaisha.

Na kama unaona aibu kwamba mtu mzima unashindwa na vineno hivi, Samuel Johnson, yule aliyetunga kamusi kubwa ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1755, aliandika katika utangulizi wake kwamba hapa ndipo wageni wanapopata taabu kubwa kuliko zote. Alisema hivyo wakati huo, na hakuna aliyejisumbua kurekebisha.

Umetuambia barua za kikazi unaziweza, na hapo ndipo penye siri ya shida yako. Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikakaa kwa wakubwa na mahakamani kwa muda mrefu, na baadaye wasomi wakazidi kumimina maneno ya Kilatini. Kiingereza cha zamani kikabaki vinywani mwa watu wa kawaida. Ndiyo maana hadi leo mambo mengi yana majina mawili. Kuahirisha ni postpone kwenye barua, na ni put off mtu anapoongea. Kuvumilia ni tolerate ofisini, na ni put up with kwa mke anayesimulia mkoromo wa mumewe. Moto kwenye ripoti unakuwa extinguished, lakini ukiwaka kweli watu wanapiga kelele wauzime, put it out. Wewe umejifunza upande wa barua. Ucheshi unaishi upande wa pili. Mtu akisimulia kichekesho akasema "I could no longer tolerate him", wasikilizaji wanakaa wima kama wamesomewa hukumu. Kwa hiyo mwalimu wako hakukosea kuunganisha vitenzi hivi na mada ya ucheshi. Alipokosea, kwa maoni yangu, ni kwenye ile orodha.

Orodha ya alfabeti ni ya kutafutia neno, kama kamusi. Ukiikariri inakuletea balaa, kwa sababu inaviweka pamoja vitu vinavyofanana sura na visivyohusiana kwa lolote. Make out na make up vinakaa ukurasa mmoja, kimoja karibu na kingine, na naapa ulivikariri usiku mmoja. Akili ikahifadhi make, mikia ikachanganyika. Hilo lingempata yeyote.

Irudishe orodha kabatini. Chukua daftari, andika juu "Watu wanacheka", uweke humo vile tu vinavyohusu jambo hilo. Mtu anayeangua kicheko ghafla, he bursts out laughing. Anayecheka hadi kujishinda, he cracks up, na kama wewe ndiye uliyemchekesha, you cracked him up. Waingereza wana pia fall about, kucheka kwa kugaragara. Anayetania bila ubaya is joking around, au kidding around. Anayekudanganya kwa mzaha akasubiri uingie mtegoni, Mwingereza atasema he's having you on, Mmarekani atasema he's putting you on. Ukishaujua mchezo lakini ukajifanya hujui, you play along. Anayekuchokoza makusudi ili upandishe hasira, kwa Kiingereza cha Uingereza he's winding you up, ila uwe macho, kwa Mmarekani wind up inamfikia zaidi kama kuishia mahali. Anayekushusha mbele za watu, he puts you down. Anayekuandama wewe tu kila siku, he's picking on you. Ukichelewa kuelewa kisha ukaelewa, you catch on. Aibu ukiipoza kwa kuichekea, you laugh it off. Kichekesho kikipokelewa vizuri, it goes down well. Na yule anayesema jambo ambalo mwingine angelisema angefukuzwa, lakini yeye wanamcheka tu na kumwacha, he gets away with it.

Hicho cha mwisho kitangulize mbele ya vyote. Mkikaa darasani kuzungumza kuhusu ucheshi, muda mwingi mtakuwa mnabishana ni nani anaweza kusema nini kumhusu nani akasamehewa, na bila get away with mtazunguka sana.

Kando ya kila kitenzi usiweke tafsiri. Weka sentensi moja ya kweli kumhusu mtu unayemfahamu: "My uncle cracks me up when he argues with the radio." Ukimkumbuka mjomba na redio yake, mkia utakuja wenyewe.

Kuna jambo la sarufi hapa, dogo, lakini ndilo linalowaumbua wengi. Laugh it off inataka it ikae katikati, na laugh off it hakuna. Lakini laugh at him haikubali kutenganishwa, na laugh him at hakuna pia. Sikio litakusaidia kuliko kanuni. Crack UP, wind UP, put DOWN: uzito wa sauti unashuka kwenye mkia, na hapo kwa kawaida him na it huingia katikati. LAUGH at: uzito unabaki kwenye kitenzi, at inapita kama imesinzia, na him anakaa nyuma yake. Vile vyenye vineno viwili, kama put up with, usivikate. Soma kwa sauti, tena kwa sauti ya kusikika, siyo ya kunong'ona kitandani.

Na kuhusu vichekesho vya wengine unavyovielewa watu wakiwa wameshatulia. Vingi vya Kiingereza vinachezea maana mbili za kitenzi kimoja cha namna hii, na wewe orodha imekupa maana moja tu. Chukua hiki, ni cha zamani na hakina mwenyewe: "I'm reading a book about anti-gravity, and I can't put it down." Put down ni kuweka chini, na kitabu ambacho you can't put down ni kile kitamu usichoweza kukiacha. Sasa hiki kinahusu kani ya kupinga uvutano, kwa hiyo hata ukitaka kukiweka chini hakishuki. Au hiki: mtu ameiba vyoo vyote vya kituo cha polisi, and the police have nothing to go on. To have nothing to go on ni kukosa fununu ya kuanzia uchunguzi. Kwa maneno hayo hayo, maskini, hawana pa kujisaidia. Vitafute vya aina hii uvifumue kimoja kimoja, kwa sababu kila kimoja kinakufundisha maana mbili kwa mkupuo na hutazisahau. Ila usivipeleke darasani ukidhani utawavunja mbavu watu. Wenye lugha yao wakisikia vya namna hiyo huguna kuliko kucheka, na kuguna kwenyewe ndiyo sifa.

Tuje kwenye dakika zako tano. Najua unachopanga: kuchukua kimoja cha vile vinavyowaangusha jamaa zako, ukitafsiri. Acha. Kama kinategemea sauti ya maneno hakitavuka. Sisi tuna kaa la moto, kaa wa baharini na kaa kitako, ukivichanganya vizuri mtoto anacheka mpaka anadondoka. Kwa Kiingereza hayo ni maneno matatu ambayo hayajuani, na wewe utabaki umesimama mbele ya darasa ukieleza habari za makaa. Kama kinategemea kumjua mjomba fulani, nacho hakivuki.

Ya kusimulia unayo tayari, na darasa zima ni shahidi. Isimulie wewe, kwa mpangilio wako, kabla wao hawajaendelea kukusimulia. Mambo yatabadilika mara moja. Leo hadithi ni yao na wewe ndiye kichekesho, siku hiyo hadithi itakuwa yako na wao ndio wasikilizaji. Hivi kwa mfano: "I wanted to say that we made up. Instead I said something else. Everybody cracked up, even the teacher, and I didn't catch on, so I said it again. When I got home I told my wife, and she burst out laughing. I've tried to laugh it off, but I don't think I'll ever live it down. My mother-in-law hasn't found out yet." Vihesabu mwenyewe vitenzi vya mkia vilivyomo, hata mwalimu hatadai zaidi. Live it down ni kuishi mpaka watu waisahau aibu yako, na mara nyingi husemwa kwa kukanusha, kwamba haitasahaulika. Kama mke hujamwambia, mwambie kwanza, tusije tukatunga uongo. Kwa njia, kutunga uongo nako ni make up, kitenzi kile kile.

Sentensi ya mama mkwe iache ya mwisho na uitamke taratibu, kisha unyamaze. Usiieleze. Wasipocheka, endelea mbele kama kwamba hukutarajia wacheke.

Halafu tumia dakika zilizobaki kufanya kile hasa alichoomba mwalimu, yaani kuzungumza kuhusu ucheshi. Hakuomba uwe mchekeshaji. Waulize: mlicheka nini? Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliandika mwaka 1790 kwamba kicheko huja pale matarajio yaliyokaza yanapogeuka ghafla kuwa si kitu. Darasa lilikuwa linasubiri mapatano ya heshima, likapokea mabusu. Thomas Hobbes, Mwingereza, mwaka 1651 alikuwa ameshasema jambo lenye ukali zaidi: kwamba mtu hucheka anapojiona ghafla yuko juu ya mwenzake. Acha darasa libishane ni yupi kati yao aliyekuwepo siku ile. Mimi nadhani siku ya kwanza alikuwepo Kant, na tangu hapo anayekuja ni Hobbes. Mwenzako ameshaujua mwisho wa hadithi, hakuna cha kumshtua tena, kwa hiyo anachokifurahia sasa ni wewe kuwa chini.

Tahadhari moja kabla sijamgeukia huyo. Kiingereza kina ghala la zamani la vichekesho vya kumsimanga mama mkwe, na ukianza kutafuta utakutana navyo vingi, utashawishika kuazima kimoja. Usiazime. Hadithi yako inachekesha kwa sababu mama yule ni mtu wa heshima kwako, na ndiyo maana neno lile liligonga vibaya. Ukianza kumkejeli, unabaki na kichekesho kichakavu na mke aliyenuna.

Sasa mwenzako. Kuna tofauti kati ya anayekuchokoza na anayekuandama, umeshaviona vitenzi vyake hapo juu, na kwa maelezo yako huyu anaelekea kwenye cha pili. Mvute kando, usimwambie mbele za watu, na umwambie kwa lugha mnayoelewana vizuri kwamba mara ya kwanza ulicheka naye na sasa imetosha. Akirudia darasani, mjibu kwa Kiingereza: "All right, knock it off." Cut it out nayo inafaa. Zote mbili ni za kumtaka mtu aache upuuzi, zina ukali wa kutosha bila tusi, na it inakaa katikati. Iseme mara moja, uso mkavu, kisha fungua kitabu chako. Usitabasamu. Ukitabasamu atadhani you're playing along.

Akiendelea hata baada ya hapo, nenda kwa mwalimu kabla ya kipindi, siyo baada ya kushambuliwa, umwambie kwa ufupi linalotokea. Mwalimu aliyecheka siku ya kwanza anajua kwamba na yeye ana sehemu yake, na kwa kawaida atalichukua kwa uzito. Kuacha darasa sikuoni. Muombe hiyo nafasi ya kuzungumza uipate mapema, uwe wa kwanza ikiwezekana, kwa sababu baada ya wewe kuisimulia hadithi yako mwenyewe, swali lake la mama mkwe halitakuwa na mtu wa kulichekea.

Shangazi